Mtaro wa Nyuma ya Jiko

Siku mpira wa gesi wa jirani yangu uliposhika moto, nilitoka dukani nimeshika mkono wa gauni. Si gauni zima. Mkono mmoja tu, wa kushoto, ambao nilikuwa bado sijauunganisha. Nilisimama nao katikati ya barabara pale Majengo, pamoja na wengine wote waliokimbia, nikawa nauangalia kama kitu nilichookota.

Mimi ni fundi wa nguo. Chumba changu kina vyerehani vitatu, meza ya kukatia, na vitambaa vya wateja vilivyopangwa mpaka karibu na dari. Upande wa kulia nimepakana na mama lishe anayeuza supu na chapati, na ukuta kati yetu ni wa mbao. Asubuhi ile nilisikia mtu akipiga ukelele, nikaona mwanga wa rangi ya chungwa ukicheza kwenye nyufa za mbao. Yaliyofuata siyakumbuki vizuri. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa unaning'inia ukutani kwangu, nyuma ya suti za watu, wala sikuufikiria. Simu niliiacha. Pochi niliiacha. Daftari lenye vipimo vya wateja wangu wote, kazi ya miaka mingi, nililiacha wazi mezani. Mkono wa gauni ndio niliouokoa.

Aliyeuzima moto ni fundi viatu, mzee anayekaa barazani ng'ambo ya barabara. Alivuka kwa mwendo wake wa kila siku, akachukua taulo la mama lishe, akalichovya kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, akajizungushia mkononi, akainama, akafunga koki ya mtungi. Moto ukakatika. Alipotoka nje, jambo la kwanza alilosema ni kwamba waliokuwa wanakula warudi wamalizie supu kabla haijapoa.

Mchana nilimfuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkono wa watu umeshaurudisha?"

Kumbe aliniona. Nikacheka kwa aibu. "Nimeurudisha. Mzee, ulijuaje la kufanya?"

"Nimezoea tu. Nyumbani huwa nafunga gesi nimefumba macho."

"Kwa nini ufumbe macho?"

Aliniangalia kidogo, gundi mkononi. "Moshi ukijaa chumbani utaona nini? Hata mlango nautafuta hivyo hivyo. Mke wangu alikuwa ananicheka. Siku hizi na yeye anafanya."

Jibu lile lilinikaa kichwani jioni nzima. Nilikuwa najua kwamba moto ni hatari, kama kila mtu anavyojua. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuufanyia mazoezi, kama kwaya inavyofanya mazoezi ya wimbo wa Jumapili.

Kesho yake nilifika mapema, kabla ya wateja. Nikakaa kwenye cherehani yangu, nikafumba macho, nikasimama kuelekea mlangoni. Kichwani mwangu ni hatua sita. Hatua ya tatu niligonga meza ya pasi. Ya tano nilikanyaga furushi la vitenge. Nilipoushika mlango nilikuwa nimehesabu hatua kumi na moja, na mlango wenyewe ukagoma, kwa sababu unafungukia ndani na nilikuwa nimesimama mbele yake. Nikajaribu mlango wa nyuma. Una kufuli. Ufunguo wa kufuli hilo uko nyumbani, kwenye kopo la sukari, na umekaa huko tangu nilipopangishwa kile chumba. Nikatafuta swichi kubwa ya umeme. Nikakumbuka kwamba niliifunika mwenyewe kwa rafu ya nyuzi.

Mteja mmoja, mwalimu wa kike aliyekuja kuchukua sketi, alinikuta napapasa ukutani macho yakiwa yamefungwa.

"Fundi, unaumwa?"

"Natafuta mlango."

"Wa kwako mwenyewe?"

Nilimweleza. Alicheka, halafu akaniambia kwamba hata yeye hajui umeme wa darasani kwake unazimwa wapi. Tukaushusha pamoja ule mtungi wa kuzimia moto na kusoma maandishi yake. Nilikuwa nimeishi nao miaka saba bila kuyasoma. Kumbe kuna pini ya kuvuta kwanza. Kumbe unalenga chini, kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake.

Wiki ile niliihamisha rafu, nikauleta ufunguo wa nyuma na kuutundika kwenye msumari pembeni ya kufuli, nikaondoa furushi njiani. Lakini swali halikuniondoka. Kila aliyekuja kupimwa nilimuuliza: ukiambiwa toka sasa hivi, mkono wako utashika nini? Mwalimu alisema vyeti vyake. Mama lishe alisema sufuria kubwa, kwa sababu alipewa na marehemu mama yake. Fundi viatu alisema, "Mimi mwenyewe," akaendelea kushona.

Jumamosi nilipanda kwenda Masama, kwetu mlimani, kumpelekea mama yangu dawa zake za presha. Anaishi peke yake kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, na migomba yake, kahawa kidogo, ng'ombe mmoja na kuku. Sisi watoto wake wanne tumetawanyika. Mimi ndiye niliye karibu zaidi, na hata mimi, nakiri, nilikuwa naenda mara moja kwa mwezi, naangalia saa.

Tulikuwa tunakula mtori jikoni nilipomsimulia habari ya moto. Kwenye mkono wa gauni alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Halafu nikamuuliza swali langu.

"Na wewe mama, ukiambiwa toka sasa hivi, utabeba nini?"

Aliweka bakuli chini, akatoka jikoni, akavuka ua akaingia nyumba kubwa. Nilimfuata. Mlangoni mwa chumba chake alinyoosha mkono nyuma ya mlango bila hata kuangalia, akatoa mkoba mweusi wa ngozi ambao nimeuona ukining'inia pale maisha yangu yote. Siku zote nilidhani ni wa zamani tu, hautumiki. Akaufungua kitandani. Ndani mlikuwa na hati ya kihamba iliyofungwa kwenye nailoni, kitambulisho, kadi ya kliniki, dawa za wiki mbili, tochi na betri zake zikiwa nje ya tochi, kiberiti ndani ya kopo, jozi ya soksi, miwani yake ya zamani, na karatasi yenye namba za simu zetu wanne, zimeandikwa kwa maandishi makubwa.

"Umeanza lini kuuweka?"

"Hujazaliwa. Vya ndani vinabadilika, mkoba ni ule ule."

"Betri mbona umezitoa?"

"Zikikaa ndani zinavuja, zinaharibu tochi." Alisema kama mtu anayemweleza mgeni.

Udadisi ulikuwa umeshanipanda. Nikamuuliza kama kuna kingine. Akanipeleka bandani kwa ng'ombe, akanionyesha kamba.

"Vuta hiyo ncha."

Nikavuta. Fundo lote likafunguka mara moja, na ng'ombe akageuka kuniangalia kama anayesubiri maelezo. Fundo lile nimelifunga tangu nikiwa darasa la pili. Nilidhani ndivyo ng'ombe wote duniani wanavyofungwa.

"Kamba ya kawaida ikilowa, haifunguki," mama alisema. "Na mnyama akiogopa anavuta, ndiyo inazidi kukaza."

Kisha tukaenda nyuma ya jiko. Jiko letu lilikuwa kibanda peke yake, upande wa juu wa ua, chini ya kingo ya mlima ambayo ina chemchemi ndogo inayochuruzika mwaka mzima. Kati ya kingo na jiko kulikuwa na mtaro. Kila mwaka kabla ya masika, mama alitutoa sote wanne na majembe na sepeto tuusafishe: tufyeke majani, tukombe tope, mpaka maji ya chemchemi yapite meupe. Nililichukia zoezi lile. Niliamini ni adhabu, maana kwa kawaida alilitangaza siku ambayo mmoja wetu amekosea.

Sasa mtaro haukuonekana. Palikuwa na nyasi, majani makavu ya migomba na udongo uliojaa mpaka sawa na ua. Maji ya chemchemi yalikuwa yanapotelea humo humo.

"Mama, ulikuwa unatuchimbisha hapa kwa nini?"

Alikaa kwenye jiwe la kufulia. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana, shangazi yake aliishi kwenye bonde la pili, na jiko lake lilikuwa chini ya kingo kama hii. Mwaka mmoja wa mvua nyingi, maji yanayotoka kwenye kingo yalianza kuwa mekundu. Kila aliyepita aliona. Shangazi aliona, wanawake waliokuja kuchota waliona, na mama yangu, aliyetumwa kuomba moto, aliona. Hakuna aliyesema kitu, kwa sababu maji mekundu wakati wa mvua ni jambo la kawaida. Siku iliyofuata kingo ilishuka ikafunika jiko, na shangazi alikuwa ndani.

Nilikuwa najua kwamba mama alikuwa na shangazi aliyefariki zamani. Sikuwahi kuuliza alifarikije.

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa watoto. Ningewaambia, nani angekubali kuingia jikoni? Nikawapa majembe."

"Na sasa? Mbona hukusema kwamba mtaro umejaa?"

Alikuwa anachokonoa udongo kwa kidole cha mguu.

"Mgongo haukubali tena. Na kila mnapokuja, mnakuja na haraka."

Nilimpigia simu mteja aliyetarajia suti yake Jumatatu, nikamwomba anipe mpaka Jumatano. Mchana ule ule nikamwita jirani, mwanamke niliyesoma naye shule ya msingi, ambaye nyumba yake iko kwenye mgongo wa pili, ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa zamani unaogawa maji ya mashamba. Tulichimba wawili mpaka jua likazama. Jumapili tukaenda kanisani, maana kwa mama yangu Jumapili hakuna jembe. Jumatatu tukaendelea. Mama alikaa kwenye kigoda akituelekeza, na alikuwa mkali kuliko zamani. Chini kabisa sepeto liligonga jiwe, halafu jingine, na tukagundua kwamba sakafu ya mtaro ilikuwa imetandikwa mawe bapa, moja kando ya jingine, kwa ustadi kabisa.

"Nani aliyatandika?" nikauliza.

"Mimi na baba yako, mwaka tulioanza kukaa hapa."

Miaka yote ile ya utoto hatukuwahi kufika kwenye mawe. Inaonekana tulikuwa wavivu kuliko tulivyodhani.

Kabla sijarudi mjini nilimwambia mama tutembee njia ya kwenda kwa jirani, kama vile tunakimbia lakini bila kukimbia. Mkoba begani, fimbo mkononi. Mpaka kwenye mfongo tulikwenda vizuri. Hapo kulikuwa na ubao mmoja wa kuvukia, wenye ukungu, bila pa kushika. Mama alisimama. Vijana huuruka bila kufikiri; yeye aligeuka akaniambia, "Hapa ndipo ningekwamia." Mume wa jirani alikuja na ubao wa pili na wa tatu, akapigilia na mhimili wa kushika. Mama akavuka, akarudi, akavuka tena. Nikamwona anafurahia.

Masika yalianza baada ya wiki tatu. Mjini ilikuwa mvua ya kawaida, lakini mlimani ilinyesha siku nne bila kupumzika. Siku ya tano, saa tatu asubuhi, nilikuwa nakata kitambaa cha suruali simu ilipolia.

"Mwanangu, maji ya mtaro yamebadilika."

"Yamebadilikaje?"

"Jana yalikuwa meupe. Leo yana rangi ya chai ya maziwa, na yamekuwa mazito. Mvua yenyewe haijazidi ya jana."

"Mama, toka."

"Natoka. Nimekupigia ili ukipiga usinipate usije ukachanganyikiwa." Akakata.

Nilifunga duka na kuondoka. Nikiwa njiani nilimpigia jirani, akasema ameshamwona anakuja, na kwamba mume wake amekwenda kuwaambia watu wa nyumba mbili zilizo chini yetu. Baadaye nilisikia kwamba katika nyumba moja baba mwenye nyumba aligoma. Alisema hawezi kuikimbia rangi ya chai. Mke wake alibeba watoto akaondoka bila kubishana, na baada ya robo saa yeye naye akafuata. Aliwaambia watu kwamba alikwenda kuwatazama watoto.

Kutoka kituo cha Kwa Sadala, niliposhuka basi, bodaboda ilipanda polepole, matope yakirukia miguu yangu. Nilifika kwa jirani mchana. Ua ulikuwa umejaa watu. Mama alikuwa amekaa barazani, miguu ina tope mpaka magotini, mkoba umelala mapajani, kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Ndipo nikalia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akaniambia kilichotokea. Baada ya kunipigia alikwenda bandani akavuta ncha ya kamba. Ng'ombe hakutaka kutoka kwenye mvua. Alimpiga kofi mara mbili, akamwachia mlango wazi, akaenda zake. Alivuka mfongo akiwa ameshika mhimili, maji yakipita karibu na mbao. Alikaa kwa jirani zaidi ya saa mbili, na alikuwa ameshaanza kuona aibu kwamba amesumbua watu bure, ndipo waliposikia mlio.

"Mlio wa namna gani?"

"Kama lori linamwaga mawe. Halafu kimya. Hata mvua niliona kama imenyamaza."

Tulikwenda kutazama mvua ilipopungua, tukasimama upande wa pili wa mfongo. Jiko halikuwepo. Nililitafuta kwa macho, na kila mara macho yangu yalilirudisha pale lilipokuwa, na kila mara palikuwa na udongo mwekundu na migomba imelala juu yake, mizizi juu. Nyumba kubwa ilikuwa imesimama, tope limefika usawa wa dirisha upande wa nyuma. Kuku wote walikuwa wametoweka. Ng'ombe tulimpata kesho yake kwenye maharage ya watu, kijiji cha chini, akiwa na kipande cha kamba shingoni na tumbo limemjaa. Katika zile nyumba mbili hakuna aliyeumia.

Baada ya siku chache bwana shamba wa kata alipita kuangalia uharibifu. Nilikuwa bado na alama za malengelenge mikononi, kwa hiyo nilimuuliza moja kwa moja.

"Tulichimba mtaro huu wiki chache zilizopita. Ulisaidia?"

Alikuwa mtu mkweli. Aliangalia kingo, akaangalia mabaki ya mtaro upande ambao haukufunikwa.

"Kwa maporomoko makubwa kama haya, dada, mtaro wa kina hiki hauzuii. Labda ulipunguza maji kidogo. Siwezi kukudanganya."

Nilivunjika moyo. Alipoondoka nilimwambia mama, kwa hasira kidogo, kwamba kumbe tulijichosha bure, na kwamba utoto wangu wote nilichimba bure.

Mama alinishangaa.

"Nani alikwambia nilitaka uzuie mlima? Mtaro ukiwa umejaa majani, ningeonaje rangi ya maji?"

Kwa siku zote zile nilikuwa nawaza mtaro kama ukuta, na mama aliuwaza kama dirisha la kuchungulia ndani ya kingo. Nikamuuliza kama baba naye aliutandika mawe kwa ajili hiyo. Akasema ndiyo, ili chini pawe pagumu na pasafi, na udongo unaotoka kwenye kingo ujulikane, usichanganyike na udongo wa mtaro wenyewe. Nikamuuliza na mengine, mengi, na kwa mara ya kwanza sikuangalia saa.

Kaka zangu na dada yangu walikuja. Walitaka jiko lijengwe haraka kabla hawajarudi makazini, na kila mmoja alikuwa na mahali pake: mmoja kando ya banda, mwingine karibu na barabara. Mama aliwasikiliza wote. Halafu akasema jiko litasubiri, na kwamba yeye atapika kwa jirani mpaka aone.

"Uone nini, mama?" kaka mkubwa akauliza.

"Maji yanapita wapi sasa. Ardhi imehama, maji nayo yatakuwa yamehama."

Asubuhi ya mwisho kabla sijarudi mjini kulikuwa na manyunyu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya ua chini ya mwavuli, na vijiti vingi mapajani. Kila uchirizi wa maji ulipojitokeza kwenye udongo mpya, alinituma nichomeke kijiti. Nilikwenda na kurudi, viatu vikiwa vizito kwa tope. Baada ya muda vijiti vilianza kufanya mistari, mmoja ukielekea kwenye mfongo, mwingine ukizunguka banda, na katikati kipande cha ardhi kisicho na kijiti hata kimoja, upana wa chumba.

"Pale?" nikauliza.

Aliinamisha mwavuli aone vizuri.

"Ngoja," akasema. "Mvua bado ni ndogo. Kachomeke na kile cha pale, karibu na mgomba."